Kitoweo Kwanza, Wali Baadaye: Miezi 20 na Mshauri wa Afya wa Simuni

Kwa miezi sita ya mwanzo, kila Jumatano jioni, nilikuwa nikiketi jikoni kwangu hapa Mombasa, nikaegemeza simu kwenye mkebe wa unga na kusubiri uso wa mshauri wangu wa afya uonekane kutoka Nairobi. Sasa ni mwezi wa ishirini tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, tunazungumza mara moja kwa mwezi, na hadi leo hatujawahi kukutana ana kwa ana. Naandika haya kwa sababu wanawake wengi wanaonijia kuuliza habari za operesheni huuliza bei, huuliza kama inauma, huuliza nimepungua kilo ngapi, lakini karibu hakuna anayeniuliza ni nani aliyenishika mkono baada ya mishono kupona.

Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 162, kisukari cha miaka tisa, presha, na kiungulia kilichokuwa kikiniamsha usiku wa manane. Januari 2023 nilisafiri hadi Chennai, mji ambao wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huuendea kutafuta matibabu. Daktari wa huko alinieleza njia mbili zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili hakuna kinachotolewa: tumbo hugawanywa, sehemu ya juu ikawa kifuko cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo mdogo hukatwa na kuunganishwa na kifuko hicho, ili chakula kipite bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Kwa kuwa njia ya kwanza huweza kuzidisha kiungulia, na kwa kuwa kisukari changu kilikuwa kimekomaa, alinishauri ile ya pili, nami nikakubali.

Nilirudi nyumbani na bahasha ya karatasi zilizopanga hatua za kula: kwanza majimaji yasiyo na kitu, kisha vinywaji vizito, kisha chakula kilichosagwa, kisha chakula laini, hadi kufikia chakula cha kawaida baada ya wiki sita mpaka nane. Mpango ulikuwa sahihi, lakini mifano yake yote ilikuwa ya jikoni la watu wengine. Nilijua nile kiasi gani cha idli, vile vikate vya mchele vya Kihindi. Sikujua nifanyeje na mbaazi za nazi, wala kama uji wa wimbi unahesabiwa kuwa kinywaji au chakula. Saa za huko ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hivyo nilipotoka darasani saa kumi, kule ilikuwa saa kumi na mbili na nusu na ofisi zimefungwa. Barua pepe yangu ya kwanza ilijibiwa baada ya siku tisa. Siku tisa kwa mtu ambaye tumbo lake lina wiki tatu ni muda mrefu mno, na sidhani ni haki mgonjwa kufanyiwa jambo kubwa kama lile kisha akaachwa na bahasha.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipa namba ya mtaalamu wa lishe wa Nairobi anayewafuatilia kwa simu watu waliofanyiwa upasuaji wa aina hii. Nilitarajia mahojiano ya uzito na sukari. Badala yake, baada ya salamu, alisema, “Mwalimu, kabla hatujazungumza uzito, nizungushie simu taratibu niione jikoni yako yote.” Nikazunguka naye kutoka kwenye kabati hadi kwenye jokofu. Aliniuliza ni nani anayepika, mafuta hununuliwa kwa kipimo gani, na sahani yangu ya kulia ni ipi. Nilipomwonyesha, aliniomba niipandishe juu kabisa ya kabati na tangu siku hiyo nilie kwenye kisahani cha kikombe cha chai, kwa kijiko kidogo, kwa dakika 20 hadi 30, na nikome mara nitakapohisi kubanwa chini ya kifua, kwa sababu shibe yangu mpya haitakuja tena kwa tumbo kujaa kama zamani.

Kisha akasema neno ambalo limekaa nami kuliko karatasi zote. Sisi tukisema chakula tunakusudia wali au ugali. Samaki, nyama na kunde tumevipa jina la kitoweo, yaani kitu cha kutowelea tu. Ukiwa na kifuko cha vijiko viwili, alisema, mpango huo utakuumiza, kwa sababu wali utajaa nafasi yote na kitoweo kitabaki sahanini. Akanitaka nigeuze lugha yangu kabla sijageuza upishi: samaki ndiye chakula, na wali ndio kitoweo, kijiko kimoja au viwili, vikipata nafasi. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na minane, na sikuwahi kufikiri kwamba neno moja la nyumbani lingeweza kupanga sahani yangu kwa nguvu kiasi hicho.

Lengo lilikuwa gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na hapo ndipo mshauri anayeijua jikoni yako anapokuwa na thamani. Tulihesabu kwa vitu vilivyokuwa mbele yangu: yai moja lina takriban gramu 6, bilauri ya maziwa mala gramu 8, nusu kikombe cha pojo zilizopikwa gramu 7, na kipande cha samaki cha gramu 100 hupita 20. Kwa kuwa haviwezi kuingia kwa mkupuo, tulivigawa katika milo midogo mitano au sita, tukaipanga kufuata kengele za shule. Maji yalikuwa mtihani mgumu zaidi. Yalitakiwa kufika lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo madogo, lakini yasiingie pamoja na chakula wala nusu saa baada yake. Kwa mtu aliyelelewa kuwekewa bilauri ya maji kando ya sahani, mkono ulikuwa ukiifuata wenyewe.

Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, alihuzunika. Aliona ninakataa kuongezewa chakula alichopika kwa mapenzi, na moyoni akadhani ninamkataa yeye. Nilipolieleza jambo hilo Jumatano moja, mshauri aliniomba nimwite naye aketi mbele ya simu. Alimwamkia, “Shikamoo mama,” akaitikiwa, “Marahaba mwanangu,” kisha akamweleza bila haraka jinsi tumbo langu lilivyo sasa, akiligusa gumba lake kumwonyesha ukubwa wa kifuko. Mwishowe alimwomba msaada: nani atanitengenezea supu ya mifupa ya samaki iliyochujwa vizuri kama si yeye? Tangu siku hiyo mavyaa ndiye mlinzi wangu. Wageni wakija, huniletea kisahani changu chenye kipande cha samaki na kijiko kimoja cha wali pembeni, na kuniambia, “Na kitoweo chako hicho hapo.”

Mwezi wa pili yalinifika makubwa. Jumamosi nilikula kuku mkavu, nikatapika, na sikuacha kutapika hadi Jumanne, ambapo hata maji yalikuwa yanarudi. Nilikuwa nimezoea kumwandikia mshauri kila tatizo na kupata jibu la upole. Safari hii aliniambia mara moja, “Mwalimu, hili si la kuzungumza kwa simu. Nenda hospitali usiku huu, usingoje asubuhi.” Kisha akanitumia ujumbe mfupi wa kumwonyesha daktari: aina ya operesheni, tarehe yake, idadi ya siku za kutapika, na ombi kwamba afikirie kunipa vitamini B1 kabla ya dripu yenye glukosi. Sababu aliniambia baadaye. Akiba ya vitamini hiyo mwilini hutosha wiki chache tu, na kutapika huimaliza; mgonjwa akitiwa sukari mwilini kabla ya kupewa B1, ubongo unaweza kudhurika, macho yakacheza, miguu ikakosa mwendo, kumbukumbu ikapotea na pengine isirudi. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliusoma ujumbe ule mara mbili, akampigia mkubwa wake, na B1 ikatangulia. Kesho yake kamera iliyopitishwa kinywani ilionyesha kwamba mahali kifuko kilipoungwa na utumbo palikuwa pamebana, pakapanuliwa kwa puto. Niliamini kazi ya mshauri huyu usiku ule alipokataa kunishauri, kwa kuwa alijua mpaka wake uko wapi.

Mambo ya tembe nitayapitia kwa ufupi, ingawa hayaishi. Aliyefanyiwa operesheni kama yangu anahitaji kumeza vitamini maisha yake yote, kwa sababu chakula hakipiti tena mahali ambapo chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi, na B12 nayo haifyonzwi vizuri. Chuma na kalsiamu haviendi pamoja, hivyo vinatenganishwa kwa saa mbili au zaidi, na kalsiamu yenyewe, miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, humezwa kwa mafungu. Mshauri alinipangia saa kwenye simu, akawa ananiuliza kila wiki, “Ni ipi iliyokushinda?” Swali hilo lilinirahisishia kusema kweli kuliko kama angeuliza kama nimemeza zote. Yeye pia ndiye aliyenizuia kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, nilipoumwa goti. Huku kwetu dawa hiyo hutolewa dukani kama peremende, lakini kwa mtu ambaye kifuko chake kimeungwa na utumbo inaweza kuleta kidonda kinachovuja damu. Nimeandika jina la dawa hiyo kwenye kadi ninayoiweka mkobani, pamoja na ibuprofeni, ili anayeniuzia dawa asome.

Mwezi wa tano mizani ilisimama kwenye kilo 104 kwa wiki tatu. Nywele nazo zilikuwa zinang’oka kwa mafungu, jambo ambalo hutokea kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita na baadaye hukoma, lakini kulijua hakunizuia kulia. Nilimwambia mshauri kwamba operesheni imenishinda. Hakunifariji kwa haraka wala hakunikaripia. Aliniuliza, kutoka 0 hadi 10, nina imani kiasi gani kwamba naweza kuendelea na mpango wetu kwa wiki mbili tu. Nikasema 4. Akauliza, “Kwa nini si 2?” Nikajikuta ninaeleza mwenyewe: kwa sababu sukari yangu ya asubuhi imeshuka, kwa sababu napanda ngazi za shule hadi darasa la juu bila kusimama, kwa sababu kiungulia kimekwisha. Nilipomaliza kusema, sikuwa na haja ya kushawishiwa. Baadaye nilijua kwamba kuuliza kwa namna hiyo ni ufundi wenye historia yake: mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliueleza mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu waliolemewa na pombe, kisha akauendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Maana yake ni kwamba mtu huzifuata zaidi sababu alizozitamka kwa kinywa chake kuliko zile alizosomewa.

Wapo waliouliza kama ushauri wa kupitia simu unaweza kuwa na uzito sawa na wa kukaa na mtu chumba kimoja. Nilisoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, uliotolewa mwaka 2011, uliofuatilia watu 415 wenye uzito mkubwa kwa miaka miwili. Waliosaidiwa kwa simu, tovuti na barua pepe tu walipungua wastani wa kilo 4.6, waliokutana pia na washauri ana kwa ana walipungua 5.1, walioachwa wajiendeshe walipungua 0.8. Hao hawakuwa watu wa upasuaji, na sitaki mtu ayachukue matokeo yao kana kwamba ni yetu. Hata hivyo yalinithibitishia nilichokuwa nimekwisha kukiona jikoni kwangu, kwamba tofauti kubwa ni kati ya kufuatiliwa na kutofuatiliwa.

Simu ina mapungufu yake, nayo niyaseme. Mtandao ulikatika mara nyingi mvua iliponyesha. Mshauri hawezi kuliminya tumbo langu wala kuona kwamba midomo yangu imepauka. Ndiyo maana tangu mwanzo alisisitiza niwe na daktari wa hapa Mombasa, nipimwe damu mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili na baada ya hapo kila mwaka, na dawa za kisukari zipunguzwe na daktari huyo tu, kwa sababu sukari ilikuwa ikishuka upesi kuliko tulivyodhani.

Lipo pia jambo ambalo karatasi za Chennai zisingeweza kulijua. Huku kwetu mtu akikonda ghafla, watu hawampongezi, wananong’ona. Nilipopungua kilo 20, jirani mmoja alimuuliza binti yangu kwa sauti ya chini kama mama yake “anameza dawa”, yaani za UKIMWI. Nilikaa ndani wiki nzima. Katika mazungumzo ya Jumatano tulitumia nusu saa yote kutafuta maneno nitakayoyasema, na mwishowe nikachagua kusema kweli: nimefanyiwa upasuaji kwa sababu ya kisukari. Wengine walinihukumu kwa hilo, lakini sikuwa tena na kitu cha kuficha.

Ramadhani ya kwanza ilinikuta na miezi miwili ya operesheni, na daktari alinizuia kufunga. Nilizihesabu siku zangu nizilipe baadaye, na nilihuzunika kuketi mchana na kikombe cha maji nyumba nzima ikiwa imefunga. Ya pili, mwaka 2024, nilipimwa damu kwanza, daktari akaridhia, na mshauri akanipangia usiku wangu. Tatizo halikuwa njaa bali maji, kwa sababu siwezi kunywa bilauri nzima wakati wa adhana kama wengine. Tulianza na tende moja tu iliyoliwa taratibu, kwani sukari nyingi ikifika haraka kwenye utumbo huniletea moyo kwenda mbio, jasho na kizunguzungu ndani ya nusu saa. Funzo hilo nililipata kwa bilauri ya juisi ya miwa. Kisha supu, kisha samaki, na baada ya nusu saa nikaanza kunywa kikombe kidogo cha mililita 150 kila nusu saa hadi kulala, na tena wakati wa daku. Tulikubaliana mapema kwamba sukari ikishuka au mkojo ukiwa mweusi nitafungua bila kujilaumu. Nilifungua siku mbili.

Baada ya Idi nilikuwa nimeongezeka kilo 3. Picha zote za kisahani nilizomtumia mshauri zilikuwa sawasawa, naye hakuzibishia; aliniuliza tu nieleze siku moja kuanzia nilipoingia jikoni hadi nilipotoka. Nikasimulia, na katikati ya kusimulia nikalisikia neno “nikaonja” likijirudia. Nikaonja mahamri yaliyotoka motoni, nikaonja bajia, nikaonja mchuzi wa tui. Vitu laini vya mafuta na unga huteremka kifukoni bila kukibana, hivyo mtu anaweza kula siku nzima asihisi kwamba amekula. Sasa binti yangu ndiye anayeonja chumvi. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliofanyiwa operesheni kama yangu walipungua asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja au miwili, na kufikia mwaka wa kumi walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Kurudi kidogo kwa uzito kunatarajiwa. Mimi leo nina kilo 88, na najua miaka migumu zaidi iko mbele yangu.

Kwa anayetaka mshauri wa namna hii, namsihi awe mwangalifu. Kwenye mitandao wamejaa watu wanaojiita makocha wa afya, wanaouza unga na majani ya chai, na wasiojua tofauti ya operesheni moja na nyingine. Hapa Kenya wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi iitwayo KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mtu ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla ya kutoa senti. Mtu aulize pia ujumbe na picha zake huwekwa wapi, kwani sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inamhusu. Na amuulize swali moja zaidi: ni wakati gani utakataa kunishauri na kunipeleka hospitali? Asiye na jibu la swali hilo mimi nisingempa mwili wangu.

Majibu ya damu ya mwezi uliopita yameonyesha kwamba akiba yangu ya chuma imeshuka tena, licha ya tembe. Daktari amependekeza nitiwe chuma kwa dripu badala ya kuongezewa tembe. Jumatano ijayo ni zamu ya simu, na nimekwisha kuandika maswali matatu daftarini: niendelee na tembe au niziache baada ya dripu, chai yangu ya asubuhi iwe mbali kiasi gani na mlo wenye chuma, na mavyaa, ambaye ameanza kuninunulia maini kila Ijumaa, nimwambie anipikie gramu ngapi.